Kidonge, sindano, kijiti au jeli? Historia ya homoni ya kiume, na kwa nini inamhusu mama mwenye mtoto mdogo

SEHEMU YA 1: Kwa nini naleta hili kwenye ukurasa wa akina mama

 

Leo naanza mfululizo mpya, na najua wapo watakaosema "nesi leo umepotea njia". Nataka tuongelee testosteroni, ile homoni ya kiume. Siyo zile stori za vijiweni. Nataka uone ilivyogunduliwa, na jinsi wataalamu walivyohangaika karibu miaka mia kutafuta namna ya kumpa mwanaume ambaye mwili wake hautengenezi ya kutosha.

Wanaume hao wapo kweli. Yupo aliyezaliwa korodani hazijashuka. Yupo aliyeugua matumbwitumbwi akiwa mkubwa yakamharibu korodani. Yupo aliyeondolewa korodani kwa sababu ya saratani, au kwa sababu ilijinyonga na akachelewa kufika hospitali. (Hapo hapo mama shika hili: mtoto wa kiume akipata maumivu makali ya ghafla ya korodani, usisubiri asubuhi. Masaa ni machache, kama 6 hivi, ya kuiokoa.) Yupo mwenye uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayotoa amri kwa korodani. Kwa watu hawa homoni ni matibabu kamili, kama insulini kwa mgonjwa wa kisukari.

Sasa wewe unayenyonyesha inakuhusu nini? Mambo mawili.

La kwanza: mwanaume akitumia testosteroni kutoka nje, mara nyingi mbegu zake hupungua sana au huisha kabisa kwa kipindi anachotumia. Nyumba inatafuta mtoto, mke anazunguka na mafaili ya vipimo, ndugu wanamsema, kumbe jibu liko kwenye begi la mazoezi la mume.

La pili: njia mojawapo ya kutumia homoni hii inaweza kuhama kutoka kwenye ngozi ya baba kwenda kwenye ngozi ya mtoto aliyembeba. Limetokea, limeandikwa, na nitalieleza kwenye sehemu ya 4.

Ukisoma historia hii utaona kitu kinajirudia. Kila njia mpya ilitatua tatizo la njia iliyotangulia, halafu ikaja na mzigo wake. Kwa hiyo mtu akikuuliza "njia ipi ni nzuri?", muulize kwanza: mzigo wake anaubeba nani?

Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Vijogoo, mzee wa Mauritius na korodani za nyani

Wafugaji wetu walijua zamani kabla ya maabara yoyote. Ukimhasi dume la ng'ombe unapata maksai: mtulivu, anavuta jembe, hagombanii majike. Watu walijua korodani ndiyo inayofanya dume awe dume. Walichokuwa hawajui ni namna korodani iliyo kule nyuma inavyofikisha habari kwenye shingo, kwenye sauti na kwenye hasira.

Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, daktari mmoja anaitwa Arnold Berthold alichukua vijogoo 6. Aliowatoa korodani zote wakakua wanene na wapole, kilemba cha kichwani kidogo, hawawiki, hawapigani. Wengine akawarudishia korodani ndani ya tumbo, mahali ambapo si pake, huku mishipa ya fahamu imeshakatwa. Hao wakakua majogoo kamili: wanawika, wanafukuzana na mitetea. Berthold akaona wazi kwamba ujumbe haupiti kwenye mishipa ya fahamu. Kuna kitu korodani inakimwaga kwenye damu, na damu inakipeleka mwili mzima. Ni moja ya kazi za kwanza kabisa kuonyesha kile ambacho leo tunakiita homoni, ila kwa miaka mingi haikupewa uzito.

Miaka 40 baadaye akaja mtu wa upande wetu wa Bahari ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, akawa mwanasayansi mkubwa huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wenzake mjini Paris akawaeleza kuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na simbilisi. Akasema nguvu zimerudi, anapanda ngazi vizuri, akili imechangamka, hata choo kinapita vizuri.

Habari ikasambaa haraka sana. Watu wakataka dawa ya mzee. Wauzaji wakajaa.

Sasa mimi na wewe tujiulize kitaalamu: ile dawa ilikuwa na nini? Testosteroni ni mtoto wa mafuta, kwenye maji haiyeyuki vizuri, na yeye alikamulia kwenye maji. Tena korodani siyo ghala. Inatengeneza homoni na kuiachia kwenye damu, haiweki akiba kubwa. Kwa hiyo kilichoingia mwilini mwake kilikuwa kidogo mno kuleta mabadiliko aliyoyasema. Mzee hakudanganya, alihisi kweli. Lakini alichokihisi kilitoka kwenye matumaini yake mwenyewe. Matumaini yana nguvu jamani, tunayaona wodini kila siku, ila hayatibu upungufu wa homoni.

Baada yake akaja Serge Voronoff, mpasuaji mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Misri kwa miaka mingi kisha akarudi Ufaransa. Kuanzia mwaka 1920 alikuwa akichukua vipande vyembamba vya korodani za sokwe na nyani na kuvipandikiza kwa wanaume wenye pesa waliotaka kurudisha ujana. Alipata sifa na mali. Leo tunajua mwili wa binadamu unakataa nyama ya mnyama mwingine, vile vipande vilikuwa vinakufa na kubaki kovu.

Kwa nini nimeleta hawa wawili? Kwa sababu soko lao halijafungwa. Pita stendi yoyote, fungua simu yako usiku, utakutana na chupa ya "kurudisha heshima ya ndoa". Maneno ni yale yale ya 1889: nguvu, ujana, usingizi mzuri. Wanachobadilisha ni lebo. Na mwanaume mwenye shida chumbani mara nyingi tatizo lake halianzii kwenye homoni hata kidogo: ni kisukari, ni presha, ni dawa fulani anazotumia, ni pombe, ni mawazo ya madeni. Akinunua chupa, sukari inaendelea kupanda ndani kwa ndani.

SEHEMU YA 3: Kilo 100 za korodani, halafu ini linakula yote

Ili dawa iwe dawa, kwanza uipate yenyewe, safi, uipime kwa uzito. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Mwaka 1927, Chicago, mji uliokuwa na machinjio makubwa mno, profesa Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walichukua kilo kama 18 za korodani za ng'ombe. Baada ya kuchuja na kuchuja wakabaki na miligramu 20 tu za kitu kilichofanya kazi. Walijuaje kinafanya kazi? Walikipa majogoo waliohasiwa, wakaangalia kilemba cha kichwani kikikua tena na kuwa chekundu. Kilemba cha jogoo ndicho kilikuwa kipimo cha maabara.

Mwaka 1931 Mjerumani Adolf Butenandt akatumia njia nyingine: mkojo. Alikusanya lita zipatazo 15,000 za mkojo wa polisi wa Berlin akapata miligramu 15 za homoni iliyo ndugu ya testosteroni. Mwaka 1935, Amsterdam, kundi la Ernst Laqueur likaipata testosteroni yenyewe: korodani za ng'ombe kilo 100, homoni miligramu 10. Wao ndio walioipa jina tunalotumia mpaka leo.

Ona hapo. Dozi ya siku moja ya mwanaume mmoja, ng'ombe wangapi? Isingewezekana. Lakini mwaka huo huo wa 1935, Butenandt upande mmoja na Leopold Ruzicka wa Uswisi upande mwingine, wakafanikiwa kuitengeneza kutoka kwenye kolesteroli. Ng'ombe wakapumua. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939, ingawa serikali ya Hitler ilimkataza Butenandt kuipokea, akapata cheti chake baada ya vita.

Homoni imepatikana. Tatizo la pili: inaingiaje mwilini?

Ukimeza testosteroni tupu, utumbo unaichukua vizuri, lakini kila kinachotoka kwenye utumbo kinapita kwenye ini kwanza, na ini linaivunja karibu yote kabla haijafika kwenye damu ya mwili. Unameza, hupati kitu. Kila njia ninayokutajia kuanzia hapa ni jaribio la kulikwepa ini.

Na wewe mama njia hizi unazijua tayari. Pale kliniki ya uzazi wa mpango tunakuuliza: unataka vidonge vya majira, sindano, au kijiti? Testosteroni ilipita njia hizo hizo.

KIDONGE. Wanakemia waliibadilisha kidogo homoni ili ini lisiiweze, wakapata methiltestosteroni. Kumeza tu, umemaliza. Ila ini lililonyimwa nafasi ya kuivunja likawa linaumia lenyewe: manjano, vifuko vya damu ndani ya ini, hata uvimbe. Mzigo ukabebwa na ini, ndiyo maana wataalamu waliacha kuipendekeza kwa matibabu ya muda mrefu. Miaka ya 1970 kikaja kidonge kingine, testosteroni iliyounganishwa na asidi ya mafuta, andekanoeti. Hiki kinapanda na mafuta ya chakula kupitia mishipa ya limfu na kulizunguka ini. Sharti lake: umeze na chakula chenye mafuta. Ukimeza na chai ya rangi tupu, umeitupa. Marekani walikubali kidonge cha aina hii mwaka 2019, wakaweka onyo kubwa kwamba kinaweza kupandisha presha.

KIJITI. Mwaka 1937 watafiti wa Uingereza, Deanesly na Parkes, walionyesha kwa wanyama kwamba homoni iliyoshindiliwa kuwa kidonge kigumu na kuzikwa chini ya ngozi inayeyuka taratibu kwa wiki nyingi. Baadaye ikaja kwa wanaume. Leo hii vijiti hivyo hukaa miezi 3 hadi 6. Mgonjwa anasahau kabisa, raha. Lakini vinawekwa kwa upasuaji mdogo, vinaweza kupata maambukizi au kutoka vyenyewe, na dozi ikizidi huwezi kusema "kesho usinywe". Imeshazikwa.

SINDANO. Hii ndiyo kongwe na ndiyo utakayoikuta sehemu nyingi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwepo propioneti, ya kuchoma mara 2 au 3 kwa wiki. Miaka ya 1950 ikaja enantheti, ya kila wiki 2 au 3. Siri yake ni mafuta: homoni inayeyushwa kwenye mafuta, inachomwa kwenye msuli, inavuja pole pole. Mafuta yenyewe unayafahamu kutoka shambani: ufuta, mbegu za pamba, nyonyo, na aina mojawapo ina karanga. Kwa hiyo nesi akimuuliza mume wako "una mzio wa karanga?" kabla ya kumchoma, asishangae, hatujachanganyikiwa.

Mzigo wa sindano hizi za wiki 2 ni mawimbi. Siku za mwanzo homoni iko juu kupita kiasi: ana nguvu, hasira karibu, chunusi. Siku za mwisho iko chini: amechoka, kanuna, hataki kuguswa. Mke anaishi na wanaume wawili katika mwili mmoja. Na ndiyo njia inayoongoza kwa kufanya damu iwe nzito, ndiyo maana wingi wa damu lazima upimwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ulaya wakaleta sindano ya andekanoeti kwenye mafuta ya nyonyo, miligramu 1000 kwa mililita 4, ya kila wiki 10 hadi 14. Mawimbi yakapungua. Mzigo wake: ni nyingi, inachomwa kwa kina kwenye tako, taratibu kama dakika 2, na mara chache mafuta huingia kwenye mshipa yakafika mapafuni, mtu anakohoa na kukosa pumzi hapo hapo. Sindano ya aina hii siyo ya kuchomwa na rafiki wa jimu. Ichomwe na mtu aliyesomea, na mgonjwa akae pale aangaliwe kwanza.

SEHEMU YA 4: Jeli, na mtoto begani kwa baba

Mama mwenye mtoto mdogo, kama umesoma haraka haraka kule juu, hapa simama.

Miaka ya 1990 wakatafuta njia isiyo na sindano wala ini: ngozi. Kwanza vibandiko. Cha mwanzo kilibandikwa kwenye mfuko wa korodani wenyewe, kwa sababu ngozi ya pale ni nyembamba. Fikiria mwenyewe kunyoa na kubandika kila siku. Vikafuata vya kubandika mgongoni au tumboni. Homoni ikawa inaingia kila siku bila mawimbi, lakini ngozi za wengi ziliwasha na kutoka vipele.

Mwaka 2000 Marekani ikakubali jeli. Haina rangi, unapaka begani au mkononi juu asubuhi, inakauka, unavaa shati, unaenda kazini. Haichomi wala haiwashi sana, na damu inakaa na kiwango tulivu. Wanaume wakaipenda kuliko vyote.

Lakini angalia hesabu: katika jeli anayopaka, inayoingia mwilini ni kama asilimia 10. Nyingine yote inabaki juu ya ngozi. Na juu ya bega la baba ndipo mtoto analala.

Mwezi Mei 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza jeli hizi ziwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa, lile la kwenye kiboksi. Walikuwa wamepokea taarifa za watoto 8, wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 5, waliopata homoni hii kwa kuguswa na mtu mzima anayeitumia. Watoto hao walionyesha dalili kama sehemu za siri kukua kuliko umri, nywele za sehemu za siri, ukali wa ajabu, mifupa kukomaa mbele ya umri. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye nywele za kubalehe! Baadhi walifanyiwa vipimo vizito kabla hajatokea mtu wa kuuliza, "baba anapaka nini?"

Wengi wao dalili zilirudi nyuma baada ya kuacha kuguswa na jeli. Kwa wachache, sehemu za siri hazikurudi kabisa katika ukubwa wa kawaida, na mifupa ilibaki imetangulia kidogo. Mfupa ukikomaa mapema unaacha kurefuka mapema pia.

Ona sasa ule mzigo ulikofika. Kidonge kiliumiza ini la mwenyewe. Sindano iliwayumbisha mwenyewe na mkewe. Jeli, iliyo laini kuliko zote, ikamfikia mtu ambaye hajui hata kusema neno testosteroni.

Siandiki haya ili baba aache dawa yake. Kama ameandikiwa na daktari na jeli inamfaa, nyumba inaweza kuishi nayo salama kwa utaratibu huu:

✅ Apake sehemu ambayo shati linafunika. Siyo kifuani wala shingoni ambapo mtoto analala.
✅ Aoshe mikono kwa sabuni papo hapo, kabla hajashika mtoto, chupa ya maziwa au kitasa.
✅ Asubiri ikauke, avae. Shati alilovaa lisitumike kumfunika mtoto wala kumfuta udenda.
✅ Kabla ya kukumbatiana ngozi kwa ngozi, aoge au aoshe sehemu aliyopaka.
✅ Mtoto akigusa, muoshe pale alipogusa kwa sabuni na maji mara moja.
✅ Mama mjamzito usiiguse kabisa, wala sehemu alipopaka. Mtoto wa kike aliye tumboni anaweza kuathirika katika maumbile yake. Anayenyonyesha naye ajiepushe.

Na ukiona kwa mtoto wako nywele, chunusi, harufu ya jasho la mtu mzima au sehemu za siri kubadilika kabla ya umri, mpeleke hospitali. Ukifika, taja kila kitu kinachopakwa nyumbani. Kila kitu, hata kama baba anaona aibu. Neno moja lako linaweza kumwepusha mtoto na vipimo vingi.

SEHEMU YA 5: Nyumba inayotafuta mtoto

Swali mnaloniuliza sana ni hili: "Nesi, homoni ya kiume si ndiyo inaleta mbegu? Akiongezewa si zitaongezeka?"

Inaonekana hivyo, lakini mwili hauendi hivyo. Kumbuka vidonge vya majira. Tunakupa homoni za kike kutoka nje, ubongo unaona "zipo za kutosha", unaacha kutuma amri, yai halikomai. Kwa mwanaume ni vile vile. Tezi ya chini ya ubongo inaona testosteroni nyingi kwenye damu, inanyamaza. Korodani hazipati amri, zinaacha kutengeneza homoni yake, na mbegu zinasimama. Ndani ya korodani homoni huwa nyingi mara nyingi zaidi ya kwenye damu, na mbegu zinahitaji wingi ule. Sindano ya tako haiwezi kuufikia. Korodani zinaweza hata kusinyaa.

Jambo hili linajulikana sana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lililijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwapa wanaume wa nchi kadhaa sindano ya enantheti miligramu 200 kila wiki. Wengi wao mbegu zikaisha kabisa, na waliofikia hapo wakawa karibu hawampi mtu mimba.

Sasa niambie. Kijana wa miaka 28, ameoa juzi, anaenda jimu, rafiki anamuuzia kichupa "ajaze kifua". Ni sindano ile ile, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya utafiti. Mwaka unapita hakuna mimba. Ndugu wanamwangalia nani? Wanamwangalia mke. Mama mkwe anauliza kwa mafumbo. Mke anaanza dawa za kusafisha kizazi ambazo hazimhusu. Dada yangu, kabla hujafungua faili la tatu la vipimo, mumeo apimwe mbegu. Ni kipimo rahisi kuliko karibu vyote utakavyofanyiwa wewe.

Akiacha, mbegu hurudi kwa wanaume walio wengi, lakini siyo wiki ijayo. Ni miezi, wengi ndani ya mwaka, wengine zaidi. Asiache kimyakimya bila daktari akiwa ametumia muda mrefu, maana atapita kipindi cha uchovu na huzuni wakati tezi zinaamka.

Kwa mwanaume mwenye upungufu wa kweli anayetaka mtoto, zipo njia nyingine. Mojawapo ni sindano ya hCG, inayoziamsha korodani zifanye kazi zenyewe. Hiyo hCG unaijua mama: ndiyo ile homoni ya mimba ambayo kipimo chako cha mkojo kinaitafuta ili kionyeshe mistari miwili. Homoni inayotulinda mimba changa ndiyo hiyo hiyo inayomsaidia baba kutengeneza mbegu. Kila nikiifikiria nafurahi.

SEHEMU YA 6: Ukikaa mezani na mumeo

Kwa wanaosoma mwisho tu, nimewawekea kwa kifupi:

▪️ Kidonge cha zamani (methiltestosteroni): rahisi kumeza, kinaumiza ini. Cha kisasa cha andekanoeti: lazima chakula chenye mafuta, presha ipimwe.
▪️ Sindano za wiki 2 au 3: bei nafuu kuliko nyingi, mawimbi ya hali ya mwili na hasira, damu nzito.
▪️ Sindano ya wiki 10 hadi 14: tulivu, ichomwe na mtaalamu tu, mgonjwa aangaliwe baada ya kuchomwa.
▪️ Kijiti: unasahau kwa miezi, ila upasuaji mdogo na dozi haitoki kirahisi.
▪️ Kibandiko: kila siku, tulivu, ngozi inaweza kuwasha. Cha zamani kisitupwe mahali mtoto anaokota.
▪️ Jeli: tulivu, haina sindano, hatari ya kuhamia kwa mtoto na mke.
▪️ Zote bila kubagua: zinalaza mbegu.

Kuhusu moyo, wengi mnaogopa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80, wenye upungufu wa homoni na hatari ya ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa jeli, nusu jeli isiyo na dawa. Shambulio la moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopata dawa. Lakini moyo kwenda mrama, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia vilionekana zaidi upande wao. Kwa mgonjwa wa kweli anayefuatiliwa, hofu ya moyo imepungua. Anayejichoma nyumbani bila kupimwa damu, utafiti huu haumhusu.

Kabla ya kuanza lolote: homoni ipimwe asubuhi, siku 2 tofauti, na daktari atafute sababu ya upungufu. Uchovu peke yake siyo upungufu wa testosteroni. Baba wa mtoto mchanga amechoka kwa sababu halali, jamani.

Na maswali matatu ya kumuuliza daktari mkiwa wote wawili: Tunataka mtoto mwingine, njia hii itatufaa? Nyumbani tuna mtoto mdogo au mjamzito, njia hii itamgusa? Damu nyingi, presha na tezi dume vitapimwa lini na lini?

Kutoka kwa vijogoo 6 wa Berthold hadi hapa wataalamu wamefanya kazi kubwa, na leo mwanaume mwenye upungufu wa kweli hana haja ya kuishi nusu mtu. Ila dawa anayoitumia baba inaishi na familia nzima, kwa hiyo familia nzima iijue.

Mtumie mwenzako anayehitaji. Maswali yaweke hapo chini, usiandike jina la mtu wala picha ya mtoto. Nikitoka zamu nitajibu moja moja.

Usiku mwema, nesi wenu. 🌸